Ladislav Hruska, Aliyekiri Kwamba Aliarifiwa

Marehemu Ladislav Hruska alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa Nova Lhota, Texas, mtoto wa tatu wa wakulima wa pamba, mzee Emil na mama Albina. Alianza shule akijua Kicheki tu, lugha ya wazazi wake. Mwalimu akimwita jina, alivua kofia na kutabasamu. Alisoma hadi darasa la kumi.

Mwaka 1963 aliajiriwa na idara ya barabara ya wilaya, na mwaka 1979 akawa msimamizi. Tarehe 18 Juni 1966 alifunga ndoa na Vlasta Kubena katika kanisa hili hili.

Oktoba 1987, alama ya kusimama kwenye njia panda iligongwa ikaanguka. Mkulima mmoja alipiga simu. Ladislav aliandika katika daftari la kazi, akaomba nguzo mpya, akaambiwa asubiri. Siku ya ishirini na mbili tangu alama ianguke, lori liligonga gari la muuguzi Ruby Tatum pale pale, naye akakatwa mguu wa kushoto.

Bi Ruby alipoishtaki wilaya, alijibiwa kuwa serikali ina kinga ya kutoshtakiwa, na kwamba mahali pa kuweka alama ni uamuzi wake yenyewe. Lakini sheria ilikuwa na upenyo: alama iliyokuwepo ikianguka, wakubwa wakaarifiwa na wasiirudishe kwa wakati, kinga haiwafuniki. Wilaya ikasema haikuarifiwa.

Bosi alimwita Ladislav. “Laddie, madaftari ya zamani huwa yanapotea, au siyo?”

“Langu halijapotea, bosi.”

Nyumbani Vlasta aliuliza, “Lada, pensheni bado miaka mingapi?”

“Minne.”

Vlasta akawasha pasi. “Basi lete shati jeupe.”

Mei 1989 alisoma ukurasa ule wa daftari mbele ya mahakama. Wakili wa wilaya akamkaba: “Kumbe wewe mwenyewe ulijua!”

“Nilijua. Hata nguzo kuukuu ilikuwepo ghalani kwangu. Sikuipeleka.”

Bi Ruby alishinda, na rufaa ya mwaka 1991 ikathibitisha hukumu. Ladislav alivuliwa usimamizi, akafyeka majani kando ya barabara hadi kustaafu mwaka 1993. Wenzake walimwacha ale peke yake. Hilo alilivumilia, iliyomkosesha raha ni ile nguzo ya ghalani. Baada ya rufaa alikwenda kwa Bi Ruby, akasimama mlangoni.

“Ungeweza kuirudisha mwenyewe,” Bi Ruby alisema.

“Ningeweza.”

Kisha akasogea kando ya mlango. “Haya, ingia basi. Mguu huu wa bandia haupendi kusimama.”

Hakusema amemsamehe, wala Ladislav hakuuliza. Ila kila Pasaka familia hizi mbili zimekuwa zikila pamoja.

Alianza kuugua figo mwaka 2016. Alifariki asubuhi ya tarehe 12 Februari 2019, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Vlasta, watoto wawili, Marvin na Georgine, wajukuu watano, dada yake, Ludmila, na Bi Ruby Tatum, aliyetuambia, “Niandikeni pamoja na ndugu zake.”

Ee Mungu, mpokee Ladislav, umpe pumziko la amani.