Kengele Imefika Bila Ulimi

OCTAVIAN: Haloo? Nani mwenzangu?

BATULI: Batuli, wa Isevya. Shikamoo, mzee Octavian.

OCTAVIAN: Marahaba, binti. Hujambo?

BATULI: Sijambo, ila sina salio la kutosha, kwa hiyo nisamehe nikiharakisha. Kengele imefika Arusha.

OCTAVIAN: Tumshukuru Mungu. Sasa—

BATULI: Hailii.

[Mtandao unakwaruza.]

BATULI: Mzee?

OCTAVIAN: Nipo.

BATULI: Mama Recheli aliyeinunua ameifungua mbele ya wageni wake. Kengele ya kirangozi, mwongoza njia, iliyotangulia misafara kutoka Kwihara mpaka Ujiji! Ameitikisa, kimya. Ndani hamna ulimi. Kwenye video niliyoweka mtandaoni inalia.

OCTAVIAN: Siku ile ilikuwa na ulimi.

BATULI: Jumatano ulipoileta ilikuwa imeshonewa kwenye kaniki. Ukasema nisiifungue, ndivyo inavyotoka nyumbani kwenu.

OCTAVIAN: Ndivyo inavyotoka. Hata babu aliishona hivyo.

BATULI: Bila ulimi?

OCTAVIAN: Babu hakuwahi kuiuza.

BATULI: Basi sikia. Mama ananipa mpaka saa kumi leo. Aone risiti ya mzigo, ulimi uko njiani, la sivyo anataka laki sita yake. Na sasa hivi ni saa saba na nusu.

OCTAVIAN: Laki sita ipi? Mimi nilipata mia tano arobaini na tatu elfu.

BATULI: Nilikueleza, ni makato—

OCTAVIAN: Ulinieleza baada ya hela kufika! Kabla ya hapo ulisema laki sita. Kikao kizima cha ukoo kilisikia, nilikuweka kwenye spika.

BATULI: Amelipa kwa kadi. Mtandao wa mauzo unachukua asilimia tano, hiyo ni thelathini elfu. Kuitoa huko kuja kwenye simu yangu, kumi na tano. Kukutumia wewe pamoja na ya kutolea, kumi na mbili. Piga hesabu mwenyewe.

OCTAVIAN: Nimepiga tangu Jumanne. Hamsini na saba elfu. Zimeliwa na watu ambao hata kengele hawajaiona.

BATULI: Na yeye huko benki yake imemkata kumi na nane juu ya bei. Ndiyo maana ana hasira.

OCTAVIAN: Basi mrudishie.

BATULI: Kwa hela ipi? Nikirudisha, ile thelathini ya mtandao hairudi. Na hela yenu mmeshagawana.

OCTAVIAN: Tumegawana. Sisi watoto sita wa baba, mzee Luhende, kila mmoja laki, mkekani, mbele ya wote. Mdogo wangu Consolatha ameshanunua mbolea.

BATULI: Mia tano arobaini na tatu haiwezi kutoa laki kwa watu sita, mzee.

[Octavian anakohoa.]

BATULI: Wewe ulichukua ngapi?

OCTAVIAN: Mtandao mbaya, sikusi—

BATULI: Umenisikia.

OCTAVIAN: Arobaini na tatu. Wenzangu wanajua nina laki. Mkubwa wa nyumba akisema pungufu, watasema amekula. Nani Kwihara atakubali kwamba hela imeliwa na mashine?

BATULI: Kwa hiyo ukachomoa ulimi.

OCTAVIAN: Nimeuweka tu. Anayedai anashika rehani.

BATULI: Ungeniambia.

OCTAVIAN: Na wewe ungeniambia makato. Uliyajua?

BATULI: Niliyajua.

OCTAVIAN: Mh.

BATULI: Ningeyataja, usingeuza. Ningekosa udalali wangu. Sitii chumvi, ndivyo ilivyokuwa.

OCTAVIAN: Udalali wako kiasi gani?

BATULI: Sitini elfu. Mama alinilipa pembeni. Nakutumia hamsini na saba sasa hivi, na wewe—

OCTAVIAN: Usitume.

BATULI: Na ya kutolea naweka!

OCTAVIAN: Usitume, nimesema. Kila kinachopita humo kinatoka kimekonda.

BATULI: Mzee, saa kumi—

OCTAVIAN: Kuja Kwihara kwa bodaboda ni muda gani?

BATULI: Nusu saa. Elfu tano, kwenda na kurudi. Hapo nimefanya kazi kwa hasara ya elfu mbili.

OCTAVIAN: Pole. Mimi nilikula hasara kwa siku saba.

BATULI: Nakuja. Lakini nihakikishie kwamba huo ulimi upo. Nisije nikakuta hadithi.

OCTAVIAN: Subiri, niugonge kwenye jembe. Sikiliza.

[Mlio mmoja wa chuma. Mtandao unakwaruza.]

OCTAVIAN: Umefika?

BATULI: Umefika... mwisho wake umekatika.

OCTAVIAN: Umeona? Hata huo wameukata. Njoo mwenyewe, binti, na hela mkononi.

BATULI: Natoka sasa. Usiende shamba!

OCTAVIAN: Niende wapi? Nipo mlangoni, nimeushi—

[Simu inakatika.]