Miaka Kumi na Moja Ambayo Marehemu Hakuwa Ng'ambo

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu kaka yetu, fundi cherehani mliyezoea kumwita Pima Tena, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Alimaliza darasa la saba mwaka 1983 katika shule iliyo nyuma ya soko, akajifunza ushonaji kwa mjomba wake, kisha akafungua kibanda chake mwenyewe. Jina hilo alipewa na wateja. Bwana harusi mmoja, baada ya kupimwa kiuno mara nne, alimuuliza, "Fundi, unanishonea suti au unanichorea ramani?" Kaka akamjibu, "Tulia wewe. Suruali ikikupasukia kanisani utanitafuta."

Mwaka 1996 alifunga ndoa na muuguzi wa zahanati, wakajaliwa binti mmoja.

Mlio na karatasi mikononi mtaona imeandikwa kwamba kuanzia Juni 2003 hadi Agosti 2014 marehemu alikuwa ng'ambo kikazi. Tafadhalini, ifuteni sentensi hiyo. Aliyeiandika ni mdogo wake, huyuhuyu anayewasomea, na ni uongo mtupu. Ameusema miaka ishirini, juzi akaupeleka kwa mchapaji, na sasa anaona haya hata kulitazama jeneza.

Marehemu alikuwa gerezani, kilomita sita kutoka hapa. Alihukumiwa kwa wizi wa duka la vitambaa ambao hakuufanya, shahidi alimfananisha. Siku ya hukumu mdogo wake alikuta majirani wamejaa mlangoni, wakamuuliza kaka yuko wapi, naye akasema, "Amepata kazi ng'ambo." Mama alisikia, akanyamaza. Basi, ikawa ndiyo habari ya familia. Shemeji peke yake ndiye aliyekwenda kumwona kila mwezi.

Mwizi mwenyewe alipokiri, mahakama ya rufaa ilimwachia huru. Majirani wakamdaka kwa furaha: "Mtu wa ng'ambo! Umetuletea nini?" Alimtazama mdogo wake kwanza, kisha akacheka. "Nimewaletea baridi tu," akasema. Hakumuumbua ndugu yake, siku hiyo wala nyingine yoyote.

Mwaka 2016 aliomba fidia na huduma wanazopewa waliofungwa kimakosa: matibabu, ushauri nasaha, na cherehani za kuanzia upya. Mama mmoja wa ofisi ya fidia alikuja mtaani kuuliza kama kifungo ndicho kilichomfilisi fundi na kumharibia jina. Nanyi mkamjibu kwa moyo mweupe, "Kifungo gani tena? Kibanda alikifunga mwenyewe, akaenda ng'ambo." Hamna kosa. Yule mama akataka kiapo cha mdogo wake kwamba habari ya ng'ambo ni uongo, na saini za majirani wawili.

"Kaka, nitakwenda kesho," mdogo wake akasema.

"Haya. Usijiumize, Mama bado yupo."

Mama alifariki 2019. Kisingizio kikaisha, aibu ikabaki, na ile kesho ikafika miaka minane.

Kifua alichotoka nacho gerezani kilimzidi mwaka jana. Matibabu yale yangemsaidia. Daktari alilisema hilo bila kumung'unya maneno. Aliaga dunia tarehe 9 Februari 2024. Siku mbili kabla ya hapo alimshika mdogo wake mkono. "Ukiandika wasifu wangu," akasema, "hiyo nchi niliyokwenda uipe jina, bwana. Watu wameniuliza mpaka nimechoka." Walicheka wote wawili. Mdogo mtu akatoka hapo, akaenda kuandika uongo uleule.

Marehemu ameacha mke, binti, wajukuu wawili na mdogo mmoja. Kiapo kiko pale mezani, kando ya kitabu cha rambirambi. Mdogo wake amekisaini leo asubuhi, na ofisi imesema mjane anaweza kuliendeleza ombi. Zimebaki saini mbili za majirani. Atakayetia yake na aseme tu alichokisikia leo.

Apumzike kwa amani Pima Tena. Safari aliyosingiziwa imekwisha.