Mvua ya Marungu Isiyopimwa

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bwana Crispus Mwandawiro anastaafu baada ya miaka thelathini na minne na miezi minane ya kazi, karibu yote ya kupima mvua, joto na upepo, katika Kituo cha Mbegu za Nyanda Kame, Voi. Katika muda huo wote hakuna siku hata moja ambayo kipimamvua chetu hakikusomwa saa tatu kamili asubuhi. Jumapili na Krismasi zimo.

Alizaliwa Marungu, akaajiriwa Machi 1991 kuwa kibarua wa kufyeka nyasi. Mpimaji wa wakati huo aligundua kwamba kijana huyo, kila alipomaliza kufyeka, alisimama kando ya kisanduku cheupe cha vipimajoto na kuuliza maswali. Kwa nini kina matundu? Kwa nini kimeinuliwa kutoka ardhini? Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amefundishwa kazi, na miaka mitatu baadaye vipimo vyote vilikuwa mikononi mwake.

Udadisi huo haukumtoka. Januari moja ya jua kali, ambapo wingu halikuwa limeonekana kwa wiki mbili, alikuta milimita mbili za maji ndani ya kipimamvua. Mtu mwingine angaliyamwaga na kuandika sufuri. Yeye aliyaonja. Yalikuwa na sukari. Kesho yake hali ilikuwa ileile. Siku ya tatu alijibanza nyuma ya tangi akamwona mlinzi wetu, Bwana Mwangangi, akisuuza kikombe chake cha chai na kuyatupa maji nyuma bila kugeuka. Alipoulizwa, Mwangangi alijibu kwa utulivu: "Si mlisema hicho kidude ni cha maji?" Katika daftari la mvua, mbele ya tarehe hizo tatu, kuna neno moja kwa mwandiko safi wa Bwana Crispus: "Chai."

Wakulima wa Marungu, wa Kasigau na hata wa Njukini wanamfahamu kwa jambo jingine. Mvua ya kwanza ya vuli ikianguka, wengi hukimbilia mbegu. Yeye aliwataka wachimbe kwanza, watie mkono shimoni. Unyevu usipofika kwenye kifundo cha mkono, mbegu ingoje. Kule Makwasinyi walimcheka msimu mmoja, wakapanda papo hapo. Mvua ilikatika siku nne baadaye, wakapanda mara ya pili. Tangu hapo humpigia simu kabla ya kushika jembe.

Tungependa kuandika kwamba kazi hii haikumgharimu kitu, lakini huo haungekuwa ukweli. Mkewe, Mama Priscilla, alibaki shambani Marungu akilea watoto, naye Bwana Crispus akaishi katika nyumba ya kituo. Jumamosi, baada ya kusoma vipimo, alikwenda nyumbani. Jumapili alfajiri alikuwa njiani kurudi. Binti yao alipoolewa, ibada ilipangwa saa sita ili baba wa bibi harusi awahi. Likizo aliandikiwa kila mwaka, na kila mwaka aliitumia papa hapa. Hata Bi. Mwanamvita alipoletwa mwaka 2016 awe msaidizi wake, tena msaidizi hodari, Bwana Crispus aliendelea kusimama nyuma yake saa tatu, kimya, mikono mgongoni.

Kwa hiyo, tangu mwaka 1991 hakuwa ameiona nyumba yake mwenyewe saa tatu asubuhi.

Agosti mwaka huu uongozi ulimpa barua ya mkataba wa miaka miwili zaidi. Hakuna aliyeshangaa. Aliiweka ndani ya daftari la mvua bila kuitia sahihi, na wiki zikapita. Mama Priscilla alipata habari za barua hiyo. Alisikia pia kwamba sisi wafanyakazi tumeazimia kumuaga mumewe kwa zawadi ya kipimamvua cha shaba. Alikuja ofisini, akamsalimia kila mtu kwa zamu, kisha akauliza: "Jamani, mnanirudishia mume wangu au mnamhamisha kituo?" Siku hiyohiyo zawadi ilibadilishwa ikawa viti viwili vya kukalia barazani.

Likizo yake ya mwisho ilianza tarehe 27 Oktoba. Aliondoka na ile barua mfukoni, akisema atafikiri. Wengi wetu tuliamini itarudi na sahihi. Kesho yake tu, saa tatu kasorobo, alionekana langoni. Alieleza kwamba alikuwa amesahau kofia.

"Baba," Bi. Mwanamvita akamwambia, "kofia si hiyo kichwani mwako?"

Alijipapasa, akacheka, akageuka.

Kuanzia hapo zikaanza kutufikia habari za ajabu kwa simu. Bwana Crispus alikuwa amegundua kwamba saa tatu jua hufika kwenye kizingiti cha nyumba yake. Kwamba wakati huo mkewe hunywa kikombe cha pili cha chai na kubishana na mtangazaji wa redio. Kwamba kuna kuku mwekundu anayetagia ndani ya buti lake la zamani. Alizisimulia habari hizi kama mtu aliyefika nchi asiyoijua, na kila siku alikuwa na swali jipya juu yake.

Alhamisi, tarehe 13 Novemba, mvua ilinyesha asubuhi. Mama Priscilla anasema kwamba ilipoanza, mumewe aliinuka, akachukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, akafika nao mlangoni. Akasimama. Kisha akaurudisha jikoni, akaketi. Huku ofisini Bi. Mwanamvita alipiga simu, akawasha kipaza sauti, nasi tukasogea tusikie.

"Shikamoo, baba. Huko imenyesha milimita ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Imenyesha vizuri."

"Vizuri ngapi?"

"Vizuri tu. Nimekaa na mama hapa tangu ianze. Hebu piga baadaye, chai inapoa."

Jumatatu iliyofuata barua ya mkataba ilirejeshwa ofisini bila sahihi, na sasa daftari la mvua ni la Bi. Mwanamvita.

Bwana Crispus, tunakushukuru kwa kila asubuhi uliyotupa. Zilizobaki ni zako na Mama Priscilla. Afya yako iwe njema, viti visivunjike upesi, na mvua ya Marungu inyeshe ipendavyo, bila mtu wa kuiuliza ni kiasi gani.