Mzee Taratibu na Gramafoni ya Shangazi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mpiga kinanda wa bluzi tuliyemzika Jumamosi. Sote tulimwita Mzee Taratibu. Jina hilo lilianza kama kejeli, na nitawaeleza lilivyogeuka.

Alilelewa na shangazi yake, fundi cherehani. Vyumba viwili tu: kimoja cha kulala, kingine cha vitambaa, cherehani, kinanda cha mtumba na gramafoni. Shangazi alikuwa mgonjwa wa bluzi, jamani! Akikanyaga cherehani, santuri inazunguka, naye kijana anafuatisha kwenye kinanda, sauti kwa sauti. Hakuwa na mwalimu mwingine. Santuri sita, wapendwa. Santuri sita ndizo zilizomsomesha.

Kumbe mkanda wa gramafoni ile ulikuwa umelegea! Ilizunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Waimbaji wote walisikika wazito, kama watu walioamshwa sasa hivi, na nyumba nzima haikujua.

Basi akaenda kujaribiwa kwenye bendi. Kazi hiyo aliitaka kuliko kitu chochote duniani. Wimbo wa kwanza tu, mpiga ngoma akaweka vijiti chini.

"Ndugu yangu, unapiga muziki au unasindikiza maiti? Taratibu wee!"

Wakaangua kicheko. Kiongozi wa bendi akampa wiki moja: aongeze mwendo, la sivyo asirudi.

Akarudi nyumbani mnyonge. Fundi redio wa jirani, aliposikia mkasa huo, akaishuku gramafoni, akaifungua, akabadilisha mkanda. Santuri ikatoka mbio. Shangazi akaacha kushona.

"He! Na huyu anakimbizwa na nani?" Kisha yakamwingia. "Mwanangu, kosa hili nimekufunza mimi. Nisamehe."

"Shangazi, mimi nimelelewa kwa mwendo huu," akamjibu. Akamwomba fundi arudishe mkanda wa zamani.

Wiki ilipoisha alirudi kwenye bendi, moyo ukimwenda mbio, vidole vikakataa kukimbia. Akapiga vilevile. Mpiga ngoma akafungua kinywa, lakini mwimbaji wao, mama mmoja mwenye sauti nene, akamkata kauli.

"Mwacheni. Leo ndiyo mara ya kwanza nimepata nafasi ya kuvuta pumzi."

Akapewa kazi. Akaishika miaka arobaini na moja.

Jumamosi, wapendwa, mpiga ngoma yuleyule, sasa mvi tupu, ndiye aliyepiga mazikoni. Alianza kwa kasi yake. Akasimama ghafla, machozi yanamtoka.

"Samahani, ndugu yangu. Nimekimbia tena."

Akaanza upya, taratibu, akamsindikiza mwenzake hadi mwisho.

Tunawapa pole familia yake, hasa binti yake anayeitunza gramafoni ile. Ameniambia, "Fundi amekuja mara tatu kutaka kuitengeneza. Nimempa chai, nimemwambia aende zake."

Nanyi mnaonisikiliza, jiulizeni: ni nani aliyekungoja pale wenzako walipokucheka? Kama yu hai, mpigie simu leo.

Sasa naweka wimbo wake. Msiziguse redio zenu. Hazijaharibika. Ndivyo alivyopiga.