Mwalimu Panzi na Kambare wa Bwawani

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake marehemu, kuwasomea maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Panzi.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga, mtoto wa tatu wa fundi viatu, akaanza shule ya msingi mwaka 1965, sekondari mwaka 1972, akamaliza chuo cha ualimu Novemba 1979, na Januari 1980 akaajiriwa kufundisha biolojia katika sekondari ya jirani na bwawa, akadumu hapo hadi alipostaafu mwaka 2018.

Jina la Panzi alipewa na wanafunzi, kwa kuwa somo la kwanza la kila mwaka aliwatoa nje, akang'oa nyasi, akawaeleza kwamba jua hulisha nyasi, nyasi humlisha panzi, panzi humlisha chura, na kwamba katika kila hatua ni kama sehemu moja tu ya kumi ya nguvu inayomfikia mlaji anayefuata, nyingine ikipotea kwa joto na taka, ndiyo maana panzi ni wengi na mwewe ni wa kutafuta, na mtundu mmoja alipouliza mwalimu naye analiwa na nani, alijibu kwamba wapo, ni wadogo sana, tena hawana haraka.

Tarehe 14 Agosti 1984 alimwoa mshonaji wa nguo, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na nyumbani kitoweo kilikuwa samaki wa bwawani, watoto na mama yao wakila vidagaa, baba akiwekewa kambare mkubwa kwa heshima yake.

Wachimbaji wa dhahabu walihamia juu ya mto unaoingia bwawani mwaka 2006, wakawa wanasafisha dhahabu kwa zebaki, na mwaka 2017 chaki ilianza kumponyoka mwalimu, wanafunzi wakacheka, naye akacheka nao, kisha miguu ikalegea, macho yakafifia, na Mei 2022 madaktari wakaikuta zebaki katika damu yake. Akiwa kitandani alitufafanulia kwamba nguvu hupungua kila hatua, lakini zebaki haipotei kwa joto, hubaki katika nyama, hivyo kambare hubeba mzigo wa wote aliowala, na kwamba mnyororo huo aliufundisha maisha yake yote, ila mezani hakujihesabu kuwa ndani yake.

Alifariki tarehe 3 Februari 2024, kwa homa ya mapafu.

Tangu msiba uanze wapo kati yetu wasiompa shemeji yangu mkono, wakinong'ona kwamba alimlisha mumewe sumu, na marehemu, ulimi wake ulipokuwa bado unamtii, aliniagiza niseme hapa kwamba mkewe alimpa kilicho bora katika sufuria, na mwenye lawama aanze na yeye marehemu, aliyekuwa na elimu hiyo.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliombeba hadi barabarani, na walimu wenzake, tunawaomba kambare wa bwawani asiliwe hadi maji yapimwe, na sasa, kwa agizo la marehemu, wa kwanza kutia udongo ni mke wake, tumpisheni.

Kaka, upumzike kwa amani.