Ña Deolinda na Kabati la Nyuzi Elfu Mbili

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi njema. Mlioko jikoni, mlioko dukani, mliokaa kibarazani mkinywa tereré yenu ya baridi, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Deolinda Rotela. Mji mzima wa Itauguá ulimwita Ña Deolinda, kama tunavyowaita kina mama tunaowaheshimu. Alifariki Jumanne, nyumbani kwake nyuma ya soko, akiwa na miaka sabini na tisa. Ameacha mdogo wake, Eulogia, na kabati lenye vidonge vya uzi wa kushonea elfu mbili na zaidi.

Narudia kwa aliyechelewa: vidonge vya uzi elfu mbili. Na mwenye kabati hilo alikuwa kipofu kwa miaka kumi na minne.

Mama yake alikuwa mshonaji wa ñandutí, lesi yetu, na alishona nyeupe tupu maisha yake yote, akamfundisha na bintiye. Deolinda alikuwa na miaka kumi na sita alipokwenda mji mkuu, Asunción, kufagia kwa fundi cherehani. Kila jioni, kabla ya kutupa takataka, alipiga magoti akaokota vipande vya uzi sakafuni. Alivifunga kimoja kwa kimoja na kuvizungushia kwenye magunzi ya mahindi. Miaka mitatu baadaye alirudi na sanduku limejaa magunzi ya kila rangi. Mama yake alimuuliza nguo ziko wapi. Akajibu kwamba nguo amezivaa.

Alipoolewa, mumewe, Don Eligio, seremala, alimtengenezea kabati la nguo. Haukupita mwaka nguo zikahamia kwenye misumari ukutani, na nyuzi zikaingia kabatini. Don Eligio hakugomba. Alichukua msumeno akaongeza droo, nyembamba, arobaini na nane. Deolinda alizipanga kuanzia rangi ya maziwa hadi nyeusi, akatundika pazia zito dirishani ili jua lisizichujue. Kila alasiri, watu wakiamka usingizi wa mchana, alivuta droo moja akaiweka mapajani. Saa hiyo hakushona. Aliangalia tu. Eulogia, aliyehamia kwake baada ya Don Eligio kufariki, alimwambia huo ni uvivu. Deolinda akamjibu kwamba wengine wanaangalia televisheni.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nisikilizeni vizuri. Akiwa na miaka sitini na tatu, daktari alimwambia ana presha ya macho, na kwamba dawa zimechelewa. Akauliza imebaki muda gani. Akaambiwa pengine miaka miwili. Alirudi nyumbani, akanywa maji, akavuta droo ya kwanza.

Alianza kufunga mafundo kwenye ncha ya kila uzi. Fundo moja, nyekundu. Mawili, manjano. Matatu, kijani. Aliendelea hivyo hadi kila rangi ikawa na hesabu yake. Mafundo yakikaribiana, rangi imekolea. Yakiachana, rangi imefifia. Kazi hiyo ilimchukua miezi ishirini. Na kila siku alijifunga kitambaa machoni, mchana kweupe, huku bado anaona, na kumwamuru Eulogia avuruge droo ili azipange upya kwa vidole. Eulogia anakumbuka kwamba mwanzoni alikosea nusu. Mwishoni, ni Eulogia aliyechoka.

Giza lilipoingia kabisa, lilimkuta tayari.

Eulogia ameniruhusu nisimulie linalofuata. Mwaka wa kwanza wa upofu, alimwonea dada yake huruma. Aliona zile nyuzi zinamtesa. Basi akatoa droo tatu za kijani, akampa jirani yao, Ña Sinforiana, akidhani dada hatajua. Deolinda alijua siku hiyohiyo, vidole vyake vilipokuta nafasi tupu, na Eulogia akakiri zilikokwenda. Hakupaza sauti. Alichukua fimbo, akavuka barabara peke yake, akagonga mlango.

"Sinforiana," akasema, "kijani changu kiko kwako. Nimekuja tuondoke wote."

"Na nani?" Ña Sinforiana akauliza.

"Mimi, kijani, na wewe. Mtu hawezi kupokea nyuzi mia na thelathini halafu akakaa bila kujua kushona."

Ña Sinforiana alikuwa na miaka hamsini na mbili na hakuwahi kushika sindano ya ñandutí. Alivuka barabara akiwa amekumbatia droo, na tangu siku hiyo akawa mwanafunzi, wa kwanza kati ya wanawake walioshona kila Jumamosi kibarazani kwa Deolinda. Eulogia hakusemeshwa siku nne.

Deolinda aliendelea kukusanya. Kila mtu aliyekwenda Asunción, au Encarnación, au ng'ambo ya mto, aliagizwa uzi. Na kwa kuwa hakuona, aliweka sharti. Kidonge kipya lazima kielezwe na watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, bila kusikia mwenzake amesema nini. Muuza nyama alieleza. Nesi wa zahanati alieleza. Mimi pia nilinaswa, siku nilipokwenda kumhoji. Alinipa kidonge mkononi. Nikasema ni nyekundu.

"Nyekundu ipi, mwanangu? Ya nyanya au ya jeraha? Macho unayo, yatumie."

Nilikipeleka mlangoni kwenye mwanga. Nilikaa nacho dakika nzima, na naona aibu kusema kwamba kabla ya hapo sikuwahi kuangalia kitu chochote dakika nzima. Nikamwambia ni damu ya mzee, lakini pembeni kuna rangi kama ganda la kitunguu. Alitabasamu. Akafunga mafundo yake, akakiweka mahali pake. Alikuwa anakifurahia, wasikilizaji. Niliuona uso wake.

Mwaka wa kumi wa upofu, kamati ya kanisa ilitaka kitambaa kipya cha altare kwa sikukuu ya Bikira wa Rozari. Walimheshimu, wakampa kazi. Lakini walimwomba kwa upole ashone nyeupe tupu, asije akachanganya rangi. Aliwaambia kwamba nyeupe mama yake alishaimaliza. Akachagua rangi arobaini na moja.

Alishona miezi kumi na minne, kitambaa kimekazwa kwenye fremu ya mbao, Ña Sinforiana pembeni yake. Wiki tano kabla ya sikukuu, Ña Sinforiana aliona ua moja, katikati kabisa, limeshonwa zambarau mahali pa samawati. Fundo moja lilikuwa limefunguka. Ña Sinforiana aliniambia kwamba alinyamaza hadi saa sita mchana. Nani angejua? Lilikuwa ua zuri. Mwishowe akasema.

Deolinda alipitisha kidole juu ya ua hilo, polepole. Lilikuwa kazi ya siku tisa.

"Kata," akasema.

"Ña Deolinda, nani atagundua?"

"Wewe umegundua. Kata, nami nikague mafundo."

Likakatwa. Alikagua kabati lote, droo arobaini na nane, kisha akashona upya. Kitambaa kilipakwa wanga wa muhogo na kuanikwa siku mbili kabla ya misa. Kiko altareni hadi leo. Nendeni mkakione.

Juzi, kwenye matanga, mfanyabiashara mmoja kutoka mji mkuu alimvuta Eulogia kando akataka kununua kabati zima. Eulogia, yuleyule aliyegawa droo tatu, ana miaka sabini na sita sasa. Amenieleza mwenyewe: "Nilimwambia kabati lina mwenyewe. Akauliza ni nani, si amefariki? Nikamwambia mwenyewe ni mimi. Na Jumamosi tunashona, akitaka aje na sindano."

Kwako Eulogia, kwako Ña Sinforiana, na kwa wanawake wote mliokaa kwenye kibaraza kile, sisi wa redio hii tunawapa pole. Mungu amlaze mama yetu mahali pema.

Nawe unayenisikiliza, kabla hujarudi kwenye kazi zako, tazama kitu kimoja kilicho mbele yako. Chochote. Kitazame dakika nzima, mpaka uweze kumweleza mtu asiyeona. Nami nitanyamaza hapa dakika hiyo, tukitazame pamoja.