Kuchana Theluji Shumaisi

Benchi letu liko Shumaisi, Riyadh, nje ya duka la kahawa la Myemeni, chini ya AC inayotudondoshea matone kichwani. Ni mwezi wa nane, jua linazama na lami bado inachoma kupitia kandambili. Hapo hukaa Injinia, fundi wa AC kutoka Thika. Mzee Makame wa Zanzibar, mwokaji mikate. Abel tunayemwita Kinyozi kwa kuwa ndiye anatunyoa. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kulipia kahawa na kuvumilia. Jana Elijah alikuja meno yote nje. Yeye tunamwita Mlima, maana kwao Nanyuki na hakuna siku hajautaja Mlima Kenya. Kampuni yake ya ujenzi inafungwa na ikama, kibali chake cha kuishi huku, inaisha, lakini kesho yake ana majaribio ya kuendesha mashine ya kulainisha theluji, kwenye ukumbi mpya wa kuteleza ndani ya jumba la maduka. Akifaulu, wanamhamishia ikama. Akianguka, ni ndege ya kurudi.

Mlima: Waliniuliza, theluji unaijua? Nikawaambia nimelelewa nayo. Si uongo! Kila asubuhi nikitoka kwa choo naiona pale juu.

Injinia: Uliwajibu poa. Na hiyo kazi ni rahisi, buda. Theluji ni AC iliyokosa fundi. Ukiona mabonde, zima AC, iyeyuke, maji yajisawazishe yenyewe, kisha washa tena. Halas!

Mzee Makame: Unamfundisha kuoga huyo? Maji yakimwagika hayazoleki.

Injinia: Wahenga hawakuwa na friji, Mzee. Yakiganda yanazoleka.

Tulicheka mpaka Myemeni akachungulia. Mzee Makame hapendi kushindwa kwa methali, hasa na mtu wa bara.

Mzee Makame: Nisikilize mimi, mwanangu. Theluji ni unga, na unga haupigwi, hubembelezwa. Hiyo trekta iende taratibu kama unasukuma chapati. Ikinata, nyunyiza unga mkavu.

Mlima: Unga kwa theluji?

Mzee Makame: Vyote vyeupe, bwana wee. Nani atajua?

Kinyozi: Nyinyi hamjaona video. Ile mashine mbele ina koleo, nyuma ina shanuo pana kama mlango. Ikipita inaacha mistari. Hizo ni nywele, wasee! Kwanza unaangalia zimelala upande gani. Ukichana kinyume, watu watateleza wakipanda.

Injinia: Wapande bila lifti? Bosi atamwongeza mshahara.

Mlima: Na nikiharibu?

Kinyozi: Nyoa yote. Kipara hakina makosa. Kwani wahenga walisemaje? Kinyozi hajinyoi. Ndiyo maana hata theluji haijilainishi.

Basi Mlima akasimama, akaendesha trekta ya hewani, akakata kona. Nakiri hata mimi niliamini amepata kazi.

Truphena, dada mgeni kwenye duka la dobi la jirani, alikuwa anangoja kahawa yake.

Truphena: Samahani, kaka zangu. Huko ndani si ni baridi? Atavaa nini?

Tukamwangalia Mlima: fulana, kandambili, basi.

Mlima: Jaketi nilimtumia mamangu kwa kago.

Injinia: Mimi nina overoli. Lakini ni nyepesi.

Kinyozi: Mimi nina kile kitambaa cha kunyolea.

Truphena: Na glavu?

Mlima akakaa.

Mlima: Wasee, naogopa. Nikirudi nyumbani saa hii sina pa kuanzia.

Iliniuma. Mzee Makame akainuka bila methali, akavuka barabara mpaka kwenye tanuri lake, akarudi na glavu mbili nene, zimeungua vidoleni, zinanukia mkate.

Mzee Makame: Vaa.

Mlima: Mzee, hizi si za moto?

Mzee Makame: Zimezuia moto wa tanuri miaka yote. Baridi itapita wapi?

Injinia akasema overoli ataileta asubuhi, na kitambaa cha Kinyozi kitakuwa skafu. Mlima akazivaa glavu palepale, jasho likimtiririka, akashika kikombe chake, kikamteleza. Nikakidaka, nikamnywesha.